Nyasi Mlangoni pa Mtaro

Mimi sijui kukaa. Nikiwa Kitengela roho iko mlimani, nikiwa mlimani roho iko Kitengela, na nikiwa njiani nazilaani pande zote mbili. Mume wangu husema nilizaliwa na siafu miguuni. Lakini mwaka huo nilikuwa na sababu. Mume alikuwa amehama nyumba yetu, na hakuhamia kwa mwanamke mwingine, maana hapo ningejua pa kuanzia ugomvi. Alihamia kwa mama yangu.

Yeye si wa kwetu. Kwao ni magharibi, mahali ambapo mvua hunyesha mpaka watu wanaichoka. Ni fundi wa kusuka mota. Mota ya pampu au ya posho mill ya kusaga mahindi ikiungua, analetewa, anaifungua, anatoa waya ulioteketea na kuisuka upya, kamba kwa kamba, huku amenyamaza kama mtu aliye kanisani. Kwa miaka mingi alikuwa na kibanda kando ya barabara pale Kitengela, na mimi niko na duka langu la nguo za watoto hatua chache kutoka hapo. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja saa nne. Kisha barabara ikapanuliwa, vibanda vikang'olewa asubuhi moja, na mume wangu akarudi nyumbani amebeba vifaa vyake ndani ya gunia.

Aliketi nyumbani wiki kadhaa. Jameni, mwanaume anayekaa nyumbani mchana! Alitengeneza kila kitu kilichoharibika, kisha akaanza kufungua vitu vizima. Nikamwambia nenda kwa mama ukamtengenezee paa, litakalokuzuia ni lipi? Nilimtuma mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

Mama anaishi mbele ya Kimana, chini ya Kilimanjaro, peke yake tangu baba atutoke. Mto wetu unatoka kwenye chemchemi za mlima. Hauna makelele, ila ni baridi, na hata kiangazi kikiwa kikali kiasi gani kuna maji ndani. Wazee walichimba mtaro kutoka mtoni, unapita kwenye mashamba, kila shamba linafungua lake kwa zamu: nyanya, vitunguu, sukuma wiki, na mwisho ng'ombe wanakunywa. Maji ya mlima huohuo huletwa kwa bomba mpaka kwetu Kitengela, siku yakijisikia kuja. Siku nyingine tunanunua kwa mkokoteni. Nimekua nikichota maji hayo bure, sasa nayanunua kwa mtungi, na nikilifikiria sana jambo hilo kichwa kinauma.

Basi mume alikwenda kwa wiki moja. Akatengeneza paa. Halafu akayaona maji.

Alinipigia simu akipumua kwa kasi, nikadhani mama ameanguka. "Kuna mteremko hapa," akasema. Mteremko gani? "Pale mtaro unapotoka kwa mama kuingia kwa jirani. Ardhi inashuka mpaka mtoni. Maji yakishushwa kwa bomba hapo, yanazungusha pampu." Nikamwambia pampu ndiyo huzungusha maji, si maji kuzungusha pampu. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu kibanda kibomolewe, kwa hiyo sikumjibu vibaya.

Alirudi Kitengela akaokota pampu iliyokufa kwa wauza vyuma chakavu, akaifunga na mota aliyoisuka mwenyewe. Maji yakiisukuma pampu kinyumenyume inazunguka, na mota ikizungushwa inatoa stima. Huko chini, kando ya mto, akajenga kibanda cha mabati. Taa ikawaka kwa mama, ambaye alikuwa ameishi na koroboi maisha yake yote. Mama alinipigia simu, nikasikia anavuta pua tu. Baadaye watu wakaanza kuleta simu zichajiwe. Kisha wakulima wakaleta pampu zao zilizoungua, na huko pampu ni nyingi kuliko makanisa. Mashine ya kuchomelea ikaingia. Wiki moja ikawa mwezi, mwezi ukawa msimu.

Na kukaa kwenyewe kulivyokuwa! Kwetu mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, mama hawezi kumgombeza wala kumtuma. Kwa hiyo mume wangu alilala kwenye mabati yake mtoni, na mama akimpikia anaweka sufuria juu ya jiwe katikati ya shamba, anakohoa, anaondoka. Mume anahesabu pumzi zake, anakwenda kuchukua. Ikitokea neno, wote wawili wananipigia simu mimi, niko dukani nampima mtoto wa watu kaptula. "Mwambie mama chumvi imezidi." "Mwambie mume wako mbuzi wameingia kwa nyaya zake." Wako umbali wa kusikiana wakipiga chafya, na wanaongea kupitia Kitengela.

Nilichoka. Nasema wazi, nilichoka na kitanda kikubwa, nilichoka kunywa chai ya saa nne na muuza viatu. Kwa hiyo nilipopata habari kwamba kuna kibanda kizuri nyuma ya jengo jipya, chenye stima na mlango wa chuma, nilikishikilia kwa niaba yake. Mwenye kibanda akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikafunga duka Jumamosi, nikashika gari la Emali, nikapanda lingine, nikamalizia na boda, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilitaka mume wangu arudi nyumbani. Ni hilo tu.

Nilimkuta kwenye mlango wa mtaro, pale anapoyachukua maji. Hapo ameweka chujio, wavu wa chuma unaozuia takataka zisiingie kwenye bomba. Kila asubuhi lazima akalisafishe, la sivyo mashine inakohoa. Alikuwa amepiga magoti, anatoa majani, anatoa karatasi za plastiki, anatupa nyuma ya bega. Alifurahi kuniona, lakini mikono haikuacha kazi.

"Watu wa huku," akasema, "wananishangaza. Kila asubuhi mtu ananitupia nyasi hapa. Ebu tazama."

Akainua fungu la nyasi mbichi. Zilikuwa zimekatwa usawa, zimefungwa katikati kwa nyasi nyingine, na fundo limekazwa vizuri. Akavuta mkono nyuma kuzirusha.

Hapo nitasema jinsi ilivyokuwa. Nilizijua zile nyasi kabla hajamaliza kuziinua, na nilijua pia kwamba nikinyamaza, jambo hili litaharibika lenyewe, mashine itang'olewa, na mume wangu atarudi Kitengela bila mimi kubishana hata neno moja. Muda wa kumeza mate, nilinyamaza. Halafu nikapiga kelele mpaka boda aliyekuwa anageuza pikipiki akasimama.

"Usitupe! Weka chini! Wewe, weka chini!"

Kwetu nyasi ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ndio uhai, kwa hiyo mtu anayeshika nyasi mbichi mkononi anaomba amani. Mtoto anayekimbizwa na fimbo aking'oa nyasi, fimbo inashuka. Watu wawili wanaogombana, mmoja akiinama akachuma nyasi, mwingine hana ruhusa ya kuendelea. Hakuna Mmaasai asiyejua hili, ndiyo maana hakuna aliyewahi kufikiria kumweleza mume wangu. Nani humweleza mtu kwamba maji yanalowesha?

"Umetupa mara ngapi?" nikamuuliza.

"Kila siku. Tangu wiki iliyopita."

"Basi kila siku kuna mtu anakuomba msamaha ambao wewe ndiye ungepaswa kuuomba, na wewe unamtupia usoni."

"Mimi nasafisha chujio!" akasema, na sauti yake ilipasuka kidogo, maana aliona uso wangu.

Hakukuwa na haja ya kuuliza ni nani. Baada ya shamba la mama linafuata shamba la jirani, mwanamke mzee ambaye alitahiriwa siku moja na mama, wakaolewa mwaka mmoja, wakazika waume zao wakishikana mikono. Mimi namwita Kokoo, yaani nyanya. Bomba la mume wangu limepita kwenye ardhi yake kuteremka mtoni. Alimpa ruhusa bila kuuliza chochote, kwa sababu ni mkwe wa rafiki yake. Mvua zilipokuwepo maji yalitosha wote. Kiangazi kilipobana, mashine ikawa inameza kila tone lililofika mpakani, inayashusha, inayarudisha mtoni chini kabisa. Kati ya pale yanapochukuliwa na pale yanaporudishwa kuna shamba moja tu. Mume wangu alikuwa akimwambia kila mtu kwamba stima haili maji, na ni kweli haili. Ila iliyapitisha mbali na mlango wa Kokoo.

Na kwa nini hakwenda kwa mama kulalamika? Kwa sababu angemweka mama mahali pabaya. Mama hawezi kumgombeza mkwe. Angelazimika ama kuvunja heshima, ama kumkatalia rafiki yake. Kokoo hakutaka kumfanyia hivyo. Kiswahili chake ni cha sokoni, na Kimaa cha mume wangu kinaishia kwenye salamu. Kwa hiyo alikata nyasi, akazifunga, akaziweka mahali ambapo ana hakika mume wangu atafika kila siku asubuhi.

Nilikwenda kwake hata sijanawa vumbi. Vitunguu vilikuwa vimelala, vyeupe kwenye ncha, na yeye alikuwa anavimwagilia kwa ndoo aliyoipandisha kutoka mtoni, mwanamke wa umri ule. Niliinamisha kichwa aniguse, kama tunavyowasalimu wakubwa. Mkono wake ulibaki kwenye ndoo. Nilikaa vile, shingo imeinama, nikiangalia miguu yake yenye tope, na niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa msichana.

"Nimemwomba mume wako," akasema. "Amekataa."

"Kokoo, hajui. Kwao hawana jambo hili la nyasi."

Alinitazama akitafuta uongo. "Kwani kwao ng'ombe wanakula nini?"

"Wanakula nyasi, Kokoo. Lakini nyasi haziongei."

Hakucheka. "Na wewe ulikuwa wapi, usimfundishe?"

"Kitengela."

"Kitengela," akarudia. "Huko mnakonywa maji ya huku." Kisha akamwagilia mstari mwingine, akaniambia kwamba vijana wake wanakuja Jumatatu, na Jumatatu hiyo bomba litatoka kwenye ardhi yake. Hakusema kwa hasira. Hasira ningeiweza, mimi nimezoea hasira, ninayo ya kutosha kugawia watu.

Nilipanda kurudi kwa mume wangu nikiwa na habari mbili, ya bomba na ya kibanda, na naona aibu kusema kwamba moyo ulikuwa umeanza kupata nafuu. Bomba likitoka hana kazi. Kibanda kipo. Kila kitu kilikuwa kinajipanga upande wangu bila mimi kusogeza kidole. Nikamweleza yote. Nilitegemea atabisha, atafanya hesabu za mteremko, atasema sheria ya maji, kisha atakata tamaa nimfungie mizigo.

Alikaa juu ya jiwe la mama, lile la sufuria, akasugua mikono kwenye suruali.

"Hizo nyasi," akasema, "ni za aina yoyote? Au kuna aina yake?"

"Mbichi tu."

Akainama palepale akachuma. Alichuma vibaya, pamoja na mizizi na udongo, akajaribu kuzifunga na vidole vyake vinavyoweza kusuka waya mwembamba kama unywele, na fundo likamshinda. Nikamfungia. Tukashuka wote wawili.

Kokoo alimwacha amesimama kwenye ua. Si muda mfupi. Alimaliza mstari wake wa vitunguu, akaosha ndoo, akaifunika, akakung'uta shuka. Mume wangu alisimama juani mkono umenyooka mbele, nyasi zinaanza kulegea, jasho linamtiririka shingoni. Mwishowe Kokoo alikuja, akazipokea, akaitazama ile mizizi.

"Huyu amenichimbia shamba zima," akaniambia kwa Kimaa. Hapo nikajua atasamehe.

Lakini kusamehe ni kitu kimoja na maji ni kingine. Alitaka mambo mawili. Kwanza kondoo jike, kwa ajili ya asubuhi zote zile. Pili, mashine isichukulie maji juu ya shamba lake, ichukulie chini, mahali ambapo maji yameshapita kwake na kunywesha ndama zake. Akitaka kuwasha taa na yaliyobaki, awashe.

Nilimtafsiria mume wangu, halafu nikaongeza ya kwangu kwa Kiswahili, haraka haraka. "Huko chini hakuna mteremko. Umeniambia mwenyewe. Utapata taa za kumulika tu. Mashine ya kuchomelea haitawaka. Utachimba miezi, kwa nini? Kuna kibanda Kitengela, nimekushikilia, kiko na stima, kina mlango wa chuma!"

Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye husikiliza hata ninapopiga kelele, na hilo linaniudhi zaidi.

"Kusuka mota hakuhitaji stima," akasema. "Kunahitaji mikono. Mwambie nimekubali. Mwambie yote mawili."

Nilimwambia. Nilirudi Kitengela Jumapili nimenuna mpaka kondakta akaniuliza kama nimefiwa.

Mwenye kibanda nilimwomba muda zaidi, akanipa, akiniona mwanamke anayesumbuka. Simu kutoka mlimani ziliendelea. Mama: "Mwambie mume wako ale, anachimba kama fuko." Mume: "Mwambie mama nimefika kwenye mwamba." Nilikuwa nasambaza ujumbe huku nauza soksi. Wiki zikapita, kiangazi kikaendelea kuunguza, na mimi nikawa siwezi kulala wala kuamka vizuri. Nilihamisha rafu za duka kutoka ukuta huu kwenda ule, nikazirudisha. Muuza viatu akaniuliza ninatafuta nini. Nikamwambia aendelee na viatu vyake.

Nilipokwenda tena nilikuwa nimeamua. Safari hii nitarudi naye, au nitajua hatarudi, na liwalo na liwe. Nilifika saa za alasiri. Kwenye mlango wa zamani hapakuwa na chujio wala bomba, mtaro ulikuwa unapita moja kwa moja kuingia kwa Kokoo, na vitunguu vyake vilikuwa vimesimama. Nilimkuta mume wangu huko chini, amejaa tope mpaka kiunoni, anakaza bolti za pampu. Alikuwa amekonda. Ngozi imeiva jua. Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja.

Nikafungua mdomo nianze. Kabla sijatoa neno, sauti ikaita kutoka shambani juu.

"Pakerr!"

Alikuwa Kokoo. Nami niligeuka kumtafuta mtu anayeitwa, kwa sababu hapo tulikuwa wawili tu. Kwetu, watu wakipeana mnyama, huacha majina yao na kuitana kwa mnyama yule. Waliopeana kondoo huitana Pakerr, huyu na yule, mpaka mmoja azikwe. Sijawahi kumpa mtu mnyama. Hakuna mtu duniani anayeniita hivyo.

"Pakerr!" akaita tena.

"Oi!" akaitika mume wangu, bila kunitazama nimtafsirie, akasimama, akafuta mikono. Kokoo akapaza sauti kusema kitu kuhusu ndama na maji, kwa Kimaa chepesi, polepole, kama mtu anayemzungumzia jamaa yake. Mume wangu akamjibu maneno mawili matatu ya Kimaa, yote yakiwa na makosa, na Kokoo akaondoka ameridhika.

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro.

"Kwa hiyo hurudi," nikasema.

"Kurudi wapi?"

"Nyumbani! Kitengela. Kibanda nimekushikilia tangu lini? Kila mwezi nasubiri umalize, na humalizi. Nimekusubiri mwaka mzima."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, spana mkononi, na nikaona kwamba hakuwa anabishana nami. Hakuwa amewahi kubishana nami.

"Mimi nimejenga hapa kwa sababu ni kwenu," akasema. "Nilidhani ninakusubiri wewe."

Nikavua viatu, nikaitia miguu yangu, ile ya siafu, ndani ya yale maji baridi.